Tukimtafutia Mtoto Jina la Kiingereza

Kabla sijamwona mtu, nilisikia majina. Yalitoka nyuma ya pazia la sebule, moja baada ya jingine, kwa sauti ya mtu anayesoma litania: Bradley, Tyler, Mason, Parker. Nilidhani televisheni inatangaza timu ya mpira ya Ulaya. Nilipofunua pazia nikamkuta kaka yangu na simu mkononi, akimsomea mke wake aliyekuwa akimnyonyesha mtoto wao wa kwanza, mvulana. Pembeni, kwenye kiti cha ngozi alichoogopa kukiegemea, alikaa baba yetu.

Baba alikuwa ameshuka kutoka kijijini Kibumba asubuhi hiyo kwa jambo moja, na sote tulilijua. Kwetu mjukuu wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake, na babu humwita ndoyi, yaani mwenzangu wa jina. Hakuliomba. Nani huomba jina lake mwenyewe? Alikaa tu akimtazama mtoto.

Lakini kaka alifanya kazi kwenye ofisi ya Wazungu hapa mjini, mtaa wa Himbi, yenye jenereta na mlinzi anayepiga saluti hata gari likiwa tupu, na alikuwa ameamua kwamba jina la kijijini litamnyima mtoto viza.

"Dunia ya leo ni Kiingereza," alisema, kwa Kifaransa.

"Carter," akasema shemeji, akilionja kama peremende. "Njo hilo! Musikie tu: Carter! Mutoto wa mutu mukubwa."

"Maana yake nini?" aliuliza baba.

"Papa, majina ya Kizungu yote ni ya wafalme na simba," kaka alimtuliza. Kisha akanigeukia. "Wewe mwenye kuandika vitabu, tafutia Muzee maana."

Nilianza na mengine. Tyler, mwezeka vigae. Mason, fundi wa kuta. Parker, mlinzi wa mbuga ya bwana mkubwa. Sebule ilipoa. Kumbe mababu wa Waingereza walikuwa kama hawa wetu wanaosimama alfajiri karibu na kambi ya Katindo, koleo begani, wakingoja kibarua.

"Na Carter?" aliuliza shemeji.

"Mutu wa kubeba mizigo ya watu kwa mukokoteni," nilijibu.

Baba aliinua kichwa. Miaka yote ya shule yetu alikuwa ameteremsha viazi vya wenzake kwa chukudu, lile gari la mbao la magurudumu mawili, goti moja juu ya ubao, mguu mwingine ukisukuma barabara. Diploma ya kaka, ile iliyotundikwa ukutani, iliteremka kwa chukudu hilohilo.

"Mukokoteni wa mbao?" aliuliza.

"Wa mbao, Papa."

Akacheka mpaka kiti cha ngozi kikalia. "Kumbe Wazungu nao! Basi jina langu mumemupa. Ndoyi! Ndoyi yangu, kuja!" Akanyoosha mikono kumpokea mtoto.

Shemeji alimtazama mume wake. Kidole cha kaka kilikuwa tayari kinapekua simu.

"Ngoja kwanza, Papa," alisema bila kuinua macho. "Hatujamaliza. Iko moja hapa... Earl. Hii njo jina! Mutu wa cheo, mwenye ardhi."

Shemeji alijaribu kulitamka. Lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki, akajaribu tena, akakohoa. "Nzuri," alisema. "Tutazoea."

Mikono ya baba ilikaa hewani kidogo, kisha ikarudi magotini. Alimgusa mtoto unyayo kwa kidole kimoja, akainuka.

"Niwahi mvua," alisema. Nje jua lilikuwa linachoma.

"Papa, tukule kwanza!" shemeji alimsihi. "Chakula iko karibu kuiva."

"Mukule tu, mama. Mutoto akipata jina, mutanijulisha."

Nilisimama nimsindikize, akanizuia kwa kiganja. Kaka alikuwa bado anasoma, sasa kwa sauti ya chini. Baba alitoka, akauvuta mlango taratibu, kama mgeni anayeogopa kuharibu kitasa cha watu, mpaka ukafungika.