Msaragambo wa Mfereji wa Soko

Mable Mkawasi hakuzaliwa kuwa mkubwa wa soko. Alizaliwa Mgange, juu huko ambako ukungu huingia jikoni bila kupiga hodi, na lau mtu angemwambia utotoni kwamba siku moja yeye ndiye atakayeamua nani auze nyanya wapi mjini Voi, angemcheka. Lakini mumewe alipata kazi ya relwe, wakashuka na watoto na vyungu vyao, joto la Voi likawapokea. Kansili ilikuwa inatafuta mtu wa kusimamia soko, mtu anayejua kusoma, kuandika na kupaza sauti. Mable alikuwa na yote matatu, na hilo la mwisho alijaliwa kwa wingi.

Wengine wakisikia kansili wanadhani ni nyumba moja yenye bendera na mtu mmoja mwenye tumbo. Wapi! Mwaka ule wa 1968 nyumba ilikuwa moja kweli, lakini ndani mlikuwa na miji minne, na kila mji na mwenyewe. Ukiingia tu unakutana na ofisi ya karani mkuu, Bwana Thadeus, mzee wa tai na miwani, ambaye bila sahihi yake hata kufuli hainunuliwi. Mkabala wake ni hazina, kwa Mzee Badawy, mtu wa asili ya pwani, mpole wa maneno na mgumu wa pesa. Nyuma uani ni idara ya kazi, kwa Danson, mwenye lori, makoleo na vibarua. Na pembeni kabisa ni idara ya afya, kwa Fanuel, kijana wa Taveta aliyetoka chuoni juzi, ambaye akipita mbele ya kioski chako unajikuta unafunika maandazi hata kama hujaambiwa. Juu ya wote hao walikuwako madiwani, wanaokaa kwenye kamati zao na kusema fungu lipi la pesa liende idara ipi.

Soko la Mable lilikuwa chini ya hazina kwa habari ya ushuru, chini ya afya kwa habari ya usafi, chini ya idara ya kazi kwa habari ya paa, na chini ya kila mtu kwa habari ya lawama. Yeye hakujali. Alilipenda soko lile kupita kiasi. Alipenda asubuhi ambapo ndizi za Taveta zinateremshwa kutoka kwa gari moshi, wanawake wa milimani wanafika na kabichi na viazi, na Nthambi, Mkamba wa Maungu, anatandika gunia lake la pojo na kuanza kumtania kila mtu kabla hata hajakaa. Nthambi alikuwa mjane. Pojo ile ndiyo iliyokuwa inasomesha watoto wake.

Basi mvua ikanyesha. Si mchezo, ilinyesha kweli, na Voi hatujazoea. Mfereji wa nyuma ya soko ukafukiwa na matope, maji yakatuama, yakageuka kijani, mbu wakaja kufanya harusi zao pale. Fanuel akafika, akatazama, akatikisa kichwa. Akamwambia Mable kwamba mfereji usipochimbwa, Jumatatu soko linafungwa.

"Linafungwa mpaka lini?" Mable akauliza.

"Mpaka maji yapite, mama. Mimi siwezi kuacha watu waugue kipindupindu."

Huwezi kumlaumu. Hata Mable hakumlaumu. Alikwenda mbio uani kwa Danson kumwomba vibarua. Danson akasema vibarua anao, makoleo anayo, na roho ya kusaidia anayo, ila maji machafu ni mambo ya afya, na akichimba bila fungu la pesa la kazi hiyo, vibarua watalipwa na nani? Mable akaenda hazina. Mzee Badawy akamkaribisha kiti, akamuuliza habari za watoto, kisha akamweleza taratibu kwamba fungu la mifereji limo katika afya, na wachimbaji wamo katika idara ya kazi, na yeye hana ruhusa ya kuhamisha hata senti kutoka huku kwenda kule mpaka kamati ya madiwani ikae. Kamati ilikuwa ikae mwisho wa mwezi. Mable akaenda kwa karani mkuu. Bwana Thadeus akavua miwani, akaifuta, akasema kwamba ameyasikia yote, na kwamba kila mmoja wa wakubwa wale amesema sawasawa.

Hapo ndipo Mable aliposhikwa na hasira. Si hasira ya kumchukia mtu, la. Ilikuwa hasira ya kutokuwa na wa kugombana naye. Angekuwapo mvivu mmoja tu, au mla rushwa, angemfokea mpaka atapike haki za watu. Lakini kila mtu alikuwa sawa, na maji yalikuwa palepale yamelala.

Ijumaa mchana alirudi sokoni akawaambia wenzake. Hakuna aliyelia. Wanawake wa ndizi waliangalia mikungu yao, ambayo haingojei kamati ya mtu. Nthambi, ambaye hanyamazi hata akiwa na homa, alinyamaza, akaanza kukunja gunia. Mable alimtazama anavyolikunja, polepole, akilinyoosha pembe zake, na roho ikamuuma sana.

"Liache hilo gunia," akamwambia. "Kwetu njia ikibomoka na mvua, hatuulizi ni ya idara gani."

Kwao, juu huko, ukiita msaragambo umeita. Anayeita anapita nyumba kwa nyumba jioni, kwa miguu yake, na anapika. Anayeitwa anakuja na jembe lake, anapimiwa ngwe yake ya kuchimba, akiimaliza anakula. Huko hakuna mkubwa. Mwalimu, mzee wa kanisa, mchunga mbuzi, wote ni majirani wenye majembe. Na asiyekuja bila msiba wala ugonjwa, watu hawamfokei. Wanamsalimia tu kesho yake kwa adabu nyingi mno, mpaka anatamani ardhi impasukie.

Jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya ni kuwaitia msaragambo wakubwa wa kansili. Mable alijitanda leso, akaondoka. Wala hakwenda ofisini, alikwenda majumbani kwao. Alimkuta Danson amevaa fulana anamlisha ng'ombe wake, na ukimkuta mtu na ng'ombe wake huwezi kumwita idara. Alimwambia kwa Kidawida, lugha ya kwao milimani, "Kesho alfajiri nina msaragambo." Danson akacheka, kisha akaona kwamba Mable hacheki, akasema atakuja. Bwana Thadeus alikuwa hana tai wala miwani, na bila vitu hivyo alionekana mtu wa kawaida kabisa, mwana wa Werugha, huko huko milimani. Alifungua mdomo aseme neno la kikarani, mkewe akamwahi kutoka jikoni.

"Baba Mkamburi, jembe liko nyuma ya mlango."

Mzee Badawy hakuwa Mdawida, na Mable alisita kidogo barazani pake. Alimweleza desturi ile mwanzo mpaka mwisho. Mzee akasikiliza, akatabasamu.

"Binti yangu, pesa za kansili sitoi hata senti moja, wajua," akasema. "Lakini mikono hii si ya kansili. Nitakuja nikishaswali."

Akabaki Fanuel. Alikuwa anapiga pasi shati lake, peke yake, katika chumba cha kupanga.

"Mama Mable, mimi ndiye nitakayekagua Jumatatu," akasema. "Nikichimba kesho, si nitajikagua mwenyewe?"

"Mdogo wangu, sikuombi uukague vizuri wala vibaya. Nakuitia msaragambo. Ukiona vibaya kuja, usije, tutasalimiana tu."

Fanuel akaendelea kupiga pasi. Mable aliondoka bila kujua kama atakuja.

Alfajiri ya Jumamosi walikuja. Danson na vibarua wake, bila lori la kansili, kila mtu na koleo la nyumbani. Bwana Thadeus na kofia ya mkewe ya shambani. Mzee Badawy na kikoi kikuukuu. Wanawake wa soko wote, na watu wa relwe aliowaleta mume wa Mable. Jua lilipokwisha kuchomoza akaonekana Fanuel, viatu vinang'aa, amebeba jembe jipya la dukani, hata bei haijabanduliwa. Nthambi alimwona, na kimya chake cha jana kikamtoka chote. Alimuuliza kama hilo jembe amekuja kulichanja ama kulichimbia. Watu wakacheka mpaka mbu wakahama.

Mable alipima ngwe kwa fimbo, akawagawia kuanzia juu mpaka chini. Ya chini kabisa, karibu na mto, ikamwangukia Fanuel. Wee, kazi ile! Karani mkuu alichimba huku akitaniwa na wauza kabichi kwamba sasa atie sahihi kwa jembe, na yeye akajibu utani kwa utani, mtu ambaye ofisini hakujulikana kama ana meno. Danson na Badawy, ambao mwaka mzima walikuwa wanaandikiana barua kutoka mlango mpaka mlango, walichimba bega kwa bega wakabishana kuhusu dawa nzuri ya mgongo. Adhuhuri Mable akapakua kimanga cha muhogo na maharagwe, na samaki wa ziwa Jipe. Wakala wote chini, mikono ina matope, na hakuna aliyekumbuka nani ni idara gani. Mable alikuwa na furaha hata akashindwa kula.

Jumatatu Fanuel alirudi amevaa shati lile la pasi, karatasi mkononi, malengelenge viganjani. Hakumchekea mtu. Aliomba debe la maji, akalimwaga kichwani mwa mfereji, akayafuata maji kwa miguu. Soko zima likamfuata. Maji yakapita ngwe ya vibarua, yakapita ya Danson, yakapita ya wanawake, ya karani, ya hazina. Yakafika chini. Yakasimama. Yakajaa, yakazunguka, yakatulia kama supu katika bakuli.

Mable aliyaona maji yale yamelala, akamwona Nthambi nyuma yake amekumbatia gunia la pojo, akajua kwamba sheria haina njia nyingine. Fanuel aliyatazama maji. Masikio yakamwiva. Akageuka, akauliza kwa sauti ya kiofisi, ile aliyofundishwa chuoni, "Ngwe hii ni ya nani?"

Kila mtu alijua. Walikuwa wamemwona siku nzima akihangaika pale na jembe lake la bei. Bwana Thadeus alijua, Danson alijua, Badawy alijua.

"Ni yetu," Nthambi akasema.

Hakulitamka kwa utani. Wanawake wengine wakaitikia kwa vichwa, ndiyo, ni yetu, na karani mkuu naye akasema ni yetu, bwana afya.

Fanuel akaifunga kalamu yake. Kisha akaikunja ile karatasi akaitia mfukoni, akavua viatu vyake vinavyong'aa, akakunja suruali mpaka magotini.

"Soko limefungwa," akasema.

"Mpaka lini?" Mable akauliza.

"Mpaka nimalize hapa," akajibu, akatumbukia majini. "Nileteeni jembe."