Njia ya Popo Chini ya Jiwe la Ngoma

Mariana Mabula alikuwa na miaka arobaini na minne alipogundua kwamba kuna watu wanaoweza kusafiri siku mbili, wakalala gesti yenye kunguni, wakapanda bodaboda mpaka mgongo ukasema basi, ili tu waone pango. Kabla ya hapo alikuwa mponda mawe. Kwa miaka kumi na mmoja alikaa chini ya turubai kwenye machimbo ya jirani na Katoro, nyundo mkononi, akivunja mawe yaliyopandishwa kutoka mashimoni ili wenyewe wakayasage watafute dhahabu. Kidole chake kimoja cha mkono wa kushoto hakikunyooka tena.

Pango alilijua tangu utoto. Nyuma ya kijiji chao kuna kilima cha majabali yaliyopandiana ovyo, kama mtu aliyeyamwaga akaenda zake. Wasukuma wanakiita Itale lya Ng'oma, Jiwe la Ngoma, kwa sababu ndani mna bamba la jiwe ambalo ukiligonga kwa kokoto linalia kama kengele, na mlio wake unazunguka ukumbi mzima kabla haujafifia. Ukutani kuna michoro myekundu, miviringo na mistari kama ngazi, ambayo hakuna mtu kijijini anayeweza kusema ilichorwa na nani. Upande mmoja kuna kidimbwi chenye maji maangavu kiasi kwamba wageni hukikanyaga kabla hawajakiona. Na darini wanakaa popo, maelfu kwa maelfu, weusi tii.

Wageni wa kwanza walikuwa wanafunzi wa chuo waliotaka mtu wa kuwaonyesha njia. Mariana, ambaye wengi humwita Mama Wema kwa jina la binti yake, akawaonyesha. Walipiga picha, picha zikasambaa, wakaja wengine. Mwaka haukuisha akaitua nyundo.

Tatizo lilikuwa kwamba kilima hicho hicho kilikuwa na dhahabu. Pantaleo, mume wa mdogo wake Melania, alifungua duara upande wa nyuma. Huko kila shimo la kuchimbia linaitwa duara, liwe la mviringo au la mraba. Mariana alikwenda kwake siku ile ile.

"Shemeji, nikiwa na wageni ndani na ninyi mkalipua, itakuwaje?"

"Hatutalipua kabla ya kupiga filimbi mara tatu," Pantaleo alimjibu. "Halafu mtu wangu atazunguka mpaka mlangoni kwako, aangalie kama kuna watu. Nakuapia, shemeji."

Kwa miaka miwili alitimiza ahadi yake. Mariana alizoea: filimbi ikilia, anawatoa wageni, wanakaa kivulini, baruti zinapiga mara nne chini ya ardhi, kisha wanarudi ndani. Alipanga siku yake kwa filimbi ile kama wengine wanavyoipanga kwa adhana au kengele ya kanisa.

Jumamosi moja ya mwezi wa tisa alikuja Edward, kijana wa Mwanza anayezunguka nchi akipiga picha za mahali pa ajabu na kuandika habari zake mtandaoni. Alishaona ziwa la magadi linalogeuka jekundu, alishaona kilima cha mchanga mweusi kinachohama kwa upepo. Safari hii alifuatana na shangazi yake, Serafina, muuguzi mstaafu wa Kahama mwenye miaka sitini na minane. Serafina alizaliwa ng'ambo ya kilima hicho na kuondoka akiwa na miaka saba. Goti lake la kulia lilikuwa bovu, lakini hakutaka kubaki nje.

"Mwangaluka, mayu," Mariana alimwamkia kwa Kisukuma, akimwita mama.

"Mwangaluka, mwanangu. Nipitishe taratibu tu. Marehemu mama alinisimulia jiwe hili, mimi sikuwahi kuliona."

Waliingia saa nne asubuhi, wameinama, Mariana mbele na tochi yake, Edward nyuma amemshika shangazi yake kiuno. Ukumbini Serafina alikaa juu ya jiwe na kuitazama michoro. Mariana alimpa kokoto. Bibi akaligonga bamba mara moja, mlio ukazunguka, naye akafumba macho.

Hapo ndipo ardhi ilipopiga.

Haukuwa mlio mkubwa. Ulikuwa msukumo, kama mtu amekupiga kifuani kwa mto uliojaa mchanga. Popo wote wakaanguka kutoka darini kwa pamoja. Kabla Mariana hajafungua kinywa, msukumo wa pili ukaja, na kule mlangoni kukasikika mngurumo mrefu wa mawe yanayoteleza. Vumbi likaingia, na mwanga wa jua uliokuwa unachungulia kwenye kona ya njia ukazimika.

"Nini hicho?" Edward alipiga kelele. "Nini hicho, Mama Wema?"

Mariana alimwashiria anyamaze. Alikuwa anasikiliza. Filimbi haikupigwa. Angeisikia, kwa miaka miwili hakuwahi kuikosa hata akiwa amelala. Na kulikuwa na jambo lingine: zimepiga mbili. Pantaleo hutega nne.

Edward alishakimbilia mlangoni. Walimsikia akivuta mawe na kuita msaada. Mariana alimfuata, akamulika, akaona jabali kubwa kama ng'ombe limekaa mlangoni na kifusi kimelizunguka. Juu yake mawe madogo yalikuwa bado yanadondoka, moja moja.

"Acha," alisema.

"Niache vipi? Tutakufa humu!"

"Acha, mwanangu. Angalia juu. Ukivuta hilo la chini, haya yote yatakuja kichwani. Na bado kuna baruti mbili hazijalia."

Edward alimtazama. Uso wake wote ulikuwa vumbi, macho tu yanang'aa. "Zitalia lini?"

"Sijui. Wakati mwingine tambi ya baruti inachelewa kuungua."

Walirudi ukumbini. Serafina alikuwa amekaa pale pale, khanga amejifunga puani, na kwa sauti ya kazini kwake alimwambia Edward avute pumzi polepole, ahesabu mpaka nne, atoe. Simu hazikushika mtandao. Humo hazikuwahi kushika. Hewa ilikuwa nzito na ilikwaruza koo.

Mariana alimulika darini. Dari lilikuwa tupu.

Alishangaa. Alisogeza tochi huku na huku. Mlango umefungwa, na popo maelfu hawapo. Wachache tu walikuwa bado wanazunguka, na hao nao, mmoja baada ya mwingine, walishuka chini chini juu ya kidimbwi na kupotea ukutani. Alikwenda kule akitembea majini. Chini ya bamba jingine lililoinama kulikuwa na upenyo, upana wa mabega ya mtu, urefu usiofika kiuno, na ndani yake giza lenye harufu kali ya mikojo ya popo. Alinyanyua mkono. Upepo mwembamba ukampuliza kwenye jasho.

Kila jioni popo hutokea upande wa magharibi wa kilima, kwenye kichaka cha mkonge. Aliwaona tangu akiwa mtoto, wanatoka kama moshi. Hakuwahi hata siku moja kujiuliza wanapita wapi.

"Unapajua huko?" Serafina aliuliza.

Angeweza kudanganya. Wageni wanamlipa mtu anayejua. "Sipajui, mayu. Lakini popo wamepita, na upepo unakuja. Nitatangulia mimi. Nikikwama, msinifuate."

Alivua viatu, akafunga ncha ya kitenge chake kwenye kifundo cha mguu, ncha ya pili akampa Serafina ashike. Edward angekuwa nyuma akimsukuma shangazi. Kisha akalala kifudifudi juu ya kinyesi cha popo na kuanza kutambaa.

Mwanzo mlikuwa na nafasi. Halafu jiwe la juu likashuka mpaka likamgusa mgongo, kisha kisogo. Alisogea kwa viwiko. Wadudu walimtembea shingoni. Nyuma alimsikia Serafina akiguna kila goti linapogusa jiwe, na Edward akimwambia, "Kidogo tu, shangazi, kidogo tu." Kitenge kilivutika, kikalegea, kikavutika.

Mahali fulani kifua kikagoma. Alisukuma, hakikupita. Alirudi nyuma, hakikurudi. Hofu ikampanda kutoka miguuni, ikamjaa kinywani na ladha kama ya chuma, akaanza kupumua haraka haraka, na kila pumzi ilimbana zaidi.

"Mariana!" Serafina aliita kutoka nyuma. Hakumwita Mama Wema wala mwanangu. "Umekwama?"

"Ndiyo."

"Toa pumzi. Yote. Usivute mpaka umepita. Umesikia? Toa!"

Alitoa pumzi mpaka mbavu zikagusana, akasukuma kwa vidole vya miguu, jiwe likamchuna ngozi kifuani, akapita. Wakati ule ule baruti ya tatu ikalia.

Jiwe lote likatetemeka, juu na chini, naye katikati kama unga kwenye mawe ya kusagia. Vumbi likampita usoni. Ukumbini, nyuma yao, kitu kizito kilianguka, na bamba la ngoma likalia lenyewe, mlio mmoja mrefu. Serafina aliita jina la Bikira Maria. Kisha kukawa kimya, na kitenge mguuni kikavutwa mara mbili, kwa nguvu, kumwambia aendelee.

Aliendelea. Hakukumbuka baadaye ilichukua muda gani. Alikumbuka majani ya mkonge yakimchoma uso, na jua.

Waliketi chini watatu, weupe kwa vumbi, Edward akilia waziwazi, amemkumbatia shangazi yake ambaye goti lilishavimba kama boga. Baruti ya nne haikulia kabisa.

Mariana alizunguka kilima peku, kifua kinavuja damu. Mlangoni alikuta wanaume sita wanachimbua kifusi. Pantaleo alikuwa katikati yao, kucha zimeng'oka, anavuta mawe kwa mikono na kuita, "Shemeji! Shemeji!" ndani ya mawe.

"Niko hapa," alisema.

Pantaleo aligeuka. Akakaa juu ya kifusi. "Nilikuwa mjini kununua matimba ya kushikilia shimo, wakanipigia simu nikarudi mbio," alisema. "Marselino ndiye aliyewasha. Ni mgeni kazini, hakujua."

"Hakujua kwa sababu hukumwambia."



Siku ya nne walikuja maofisa wa madini kukagua duara, na kijiji kikaitwa mkutanoni. Marselino alishatoroka. Ofisa mmoja aliuliza kama ishara ilitolewa kabla ya kulipua. Mchimbaji mmoja akasema ilitolewa. Wa pili akasema ilitolewa, yeye mwenyewe aliisikia. Wa tatu naye hivyo hivyo. Duara lilikuwa linalisha kaya kumi na nne, na kila mtu pale alijua hesabu hiyo. Pantaleo alikuwa anatazama mikono yake iliyofungwa bendeji.

"Mama, wewe ulikuwa ndani," ofisa alisema. "Ulisikia filimbi?"

Mariana alisimama. Upande wa wanawake, mdogo wake Melania, mjamzito wa mtoto wa tano, alimkazia macho. Hakutikisa kichwa wala hakuashiria neno. Alimtazama tu, kama walivyokuwa wakitazamana utotoni baba yao anapouliza nani kavunja chungu.



"Haikupigwa," Mariana alisema. "Wala hakuna mtu aliyekuja mlangoni. Shemeji yangu hakuwepo, hilo nalisema pia. Lakini filimbi haikupigwa."

Melania alinyanyuka akaondoka kabla mkutano haujafungwa. Jioni alikuja mpaka uani kwa dada yake, akasimama nje ya uzio wa minyaa.

"Umetutoa chakula mdomoni, dada."

"Nilikuwa humo ndani, Melania."

"Najua ulikuwa humo. Kwani mimi sikulia siku ile? Lakini ulitoka. Sasa sisi tunatokea wapi?"

Duara lilifungwa. Pantaleo akaenda Katoro kuendesha bodaboda ya mtu, anarudi mara moja kwa mwezi. Kwa miezi mitatu Mariana hakukisogelea kilima. Hata kuingia stoo yake kuchota mahindi alimtuma binti yake, maana giza la mle lilimbana kifua. Edward aliandika habari za pango, na wageni wakapiga simu nyingi kuliko zamani. Mariana hakuzipokea.

Aliyemrudisha ni Serafina, aliyekuja na fimbo na daktari wa miamba, mama mmoja mpole kutoka chuo kikuu. Daktari alikagua kwa siku mbili, akaonyesha mahali pa kupita na mahali pa kukataza. Mlango wa zamani utabaki umefungwa. Popo walikuwa wamesharudi darini. Michoro ilikuwa mizima isipokuwa mviringo mmoja uliopasuka katikati. Mariana aliingia hatua kumi kupitia ufa mpya ulioachwa na mlipuko, akatoka, akatapika, akaingia tena.

Sasa anapeleka wageni wanne tu kwa mara moja, na huwaambia wote kilichotokea kabla hawajaingia. Wengine hugeuza njiani, naye huwaaga kwa heshima.

Melania alijifungua mtoto wa kike mwezi wa pili. Mariana alikwenda kumwona, akapewa kiti, hakupewa mtoto kumpakata. Wiki mbili baadaye Melania alipita uani kwake, mtoto mgongoni, akaweka kikapu cha michembe ya viazi vikavu na karanga juu ya kigoda, akasema anakwenda kisimani, atakichukua kikapu akirudi. Mariana alivimimina kwenye ungo haraka, akabandika chai jikoni, akatoa vikombe viwili.