Mzunguko wa Gumba

Miaka ishirini na sita Bi Shirakabe Tomoe aliandika oda za pampu katika kampuni moja ya Niigata, Japani, na miaka yote hiyo mkebe wake wa wali aliufungua mezani pake, peke yake. Wenzake hawakumchukia. Walimzoea tu, kama mtu anavyozoea kabati.

Basi siku Kuroe, kijana wa mauzo, aliposimama kando yake akiizungusha kalamu kwenye kidole gumba kana kwamba imefungwa uzi, Bi Shirakabe alisahau kutafuna.

"Umeipenda, Bi Shirakabe?"

"Inashikwa na nini?"

"Haishikwi na kitu. Unaisukuma kwa kidole cha kati, inazunguka gumba, unaidaka. Ngoja nikufundishe."

Tangu hapo kila mchana Kuroe alivuta kiti. Kalamu ilimponyoka Bi Shirakabe, ikaingia kwenye supu, ikamgonga miwani, ikabingirika chini ya mashine ya fotokopi naye akaifuata kwa magoti. Kuroe alikuwa ameiegemeza simu yake kwenye kikombe. "Nakurekodi, ili ujione unapokosea," alimwambia, naye akashukuru. Nyumbani alifanya mazoezi mpaka ngozi ya gumba ikachubuka. Akaanza kukaanga mayai ya ziada asubuhi, fungu la Kuroe.

Desemba, kwenye karamu ya kufunga mwaka, taa zilizimwa na video ikaanza ukutani. Alijiona: ulimi nje, macho yamekutana puani, makalio juu akitambaa chini ya mashine. Kuna aliyeipachikia muziki wa sarakasi. Mkuu wa idara alicheka hadi akamwaga bia.

"Bibi kakazana, jamani," mmoja alisema.

"Pampu imeziba hiyo," mwingine akadakia.

Kuroe alimwinamia sikioni. "Usikasirike, Bi Shirakabe. Utani tu. Ijumaa bila wewe ilikuwa haiendi."

"Ijumaa gani?"

"Kila Ijumaa. Nilikuwa nawatumia kipande kwenye simu zao."

Bi Shirakabe alisimama, akawainamia wote kwa adabu, akawashukuru kwa kumtunza mwaka huo pia. Wakampigia makofi. Alikaa mpaka mwisho, akala kila alichowekewa, wala hakujua anakula nini.

Januari Kuroe hakuvuta kiti tena; mchezo ulishamwishia utamu. Bi Shirakabe aliendelea nyumbani, ameukabili ukuta. Kufikia Machi kalamu ilizunguka mara thelathini bila kuanguka, kisha ikarudi kinyume. Hakumwambia mtu.

Aprili aliletwa mwajiriwa mpya, Orie, binti wa miaka kumi na tisa aliyekuwa akiificha mikono chini ya meza. Siku ya tatu alimwona Bi Shirakabe akiizungusha kalamu huku anaongea na mteja, bila hata kuitazama.

"Samahani, Bi Shirakabe," alisema simu ilipokatwa. "Naomba unifundishe. Bado sijazoeana na mtu hapa."

Moyo wa Bi Shirakabe ulilainika. Aliusikia ukilainika, na hilo ndilo lililomuudhi.

"Shika hivi," alisema, akamwekea kalamu vidoleni vibaya, makusudi. Ikaruka. Watu wa mauzo wakageuka. Orie akapiga magoti kuitafuta, masikio yamemwiva kwa haya.

"Tena," alisema Bi Shirakabe, kwa sauti ya kufika mpaka meza za mauzo.

Ikaruka tena. Kuroe akaanza kucheka, wenzake wakafuatia, na Bi Shirakabe akacheka nao.