Sindano ya Kufunga Tumbo

Siku yangu ya kwanza kazini, katika maternite, nyumba ya kuzalishia, moja ya Kasongo, sikumgusa mzazi hata mmoja. Mkuu wa wakunga, mama mfupi mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima, alinipa kichupa cha kioo akaniuliza dawa iliyomo imetoka wapi. Nikajibu, Kinshasa. Alicheka mpaka akatafuta kiti.

Ilikuwa ergometrini, dawa ya kukaza tumbo la uzazi mtoto akishatoka, ili damu isiendelee kumwagika. Asili yake ni kuvu. Kuna nafaka ya Ulaya iitwayo rai, ndugu yake ngano, na kuvu hiyo ni kimelea chake: huingia kwenye suke, ikakaa mahali pa punje, nyeusi na ngumu kama mavi ya panya. Zamani watu waliokula mkate wa nafaka hiyo walioza vidole, kwa sababu kuvu inabana mishipa ya damu. Wataalamu wakatoa humo kitu kimoja, wakakipima kidogo sana, na kubana kulekule kukawaokoa akina mama.

"Lakini inabana kila kitu," mkuu aliniambia. "Mutoto akiwa angali ndani, utamuua. Mama akiwa na tansio ya juu, mushipa ya kichwa inaweza kupasuka. Usinionyeshe sindano mbele ya kunionyesha tansio."

Tansio ni shinikizo la damu. Basi mtoto akitoka, tulipapasa tumbo kujua kama hakuna pacha, tukapima tansio, ndipo tukachoma paja.

Kutoka hapo nilihamishiwa Kabambare. Daktari mkuu wa zone ya afya, mtu mkimya aliyependa kutembea peku ofisini, alinifundisha kutunza dawa. Ergometrini haitaki joto wala mwanga. Ilikaa kwenye frigo, jokofu la mafuta ya taa, na kabla ya kuitumia tuliinyanyua dirishani. "Ikigeuka rangi, tupa," alisema, "hata kama iko ya mwisho." Iliposafirishwa kwa pikipiki, tuliifunga kitambaa cheusi ndani ya sanduku la barafu. Dereva wetu alitamani sana kuweka samaki wake humo, na kila safari tuligombana.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Wamaza. Huko sindano ile ilikuwa imepata jina: sindano ya kufunga tumbo. Wazee wa kike walikuwa wameiingiza katika desturi zao. Mzazi asipochomwa, uzazi haujaisha, na vigelegele havipigwi. Mimi nilifurahi, nikidhani wameelewa kazi yetu.

Asubuhi moja Mama Anyesi, mkulima wa mihogo mwenye heshima kubwa pale, alimleta mkwe wake Faila. Miguu ya msichana ilikuwa imevimba. Tansio yake ilikuwa kumi na saba kwa kumi na moja, juu mno. Nikaagiza pikipiki ya kumpeleka hospitali Kabambare, lakini mtoto hakungoja pikipiki. Akatoka salama, wa kike, mwenye kelele. Kondo likafuata, na damu ikaanza kuja kuliko kawaida.

"Mukunga, sindano," alisema Mama Anyesi.

"Huyu hapana, mama. Tansio yake iko juu."

"Bibi zote za hapa unawachoma. Juu ya nini unamukatalia wa kwangu?"

Ipo dawa nyingine ya kukaza tumbo isiyopandisha tansio, lakini ilikuwa imetuishia. Ergometrini ilikuwepo, baridi na safi. Niseme kweli, niliogopa. Faila akifa bila sindano, Wamaza yote ingesema nimemuua, na nikimchoma akafa, wangesema ni mapenzi ya Mungu.

"Lete mukono yako, mama," nikamwambia.

Nikauweka chini ya kitovu cha Faila, juu ya tumbo la uzazi lililokuwa laini kama boga bovu. Nikamwonyesha kusugua kwa nguvu, kwa kuzungusha. Mtoto nikamweka kwenye ziwa anyonye, maana kunyonya nako hukaza tumbo. Mama Anyesi alisugua huku akinitukana kwa Kibangubangu, lugha ya kwao.

"Iko inakuwa nguvu," alisema. "Kama jiwe."

Damu ikapungua. Hakupiga vigelegele, na hakuniaga pikipiki ilipowachukua kwenda Kabambare, ambako tansio ya Faila ilitibiwa.

Sasa nimestaafu, nimerudi Kasongo. Vijana kutoka Salamabila wananiletea vikopo vya vidonge vya nguvu, vilivyoandikwa kuwa vimetokana na kuvu inayoota ndani ya kiwavi. Kimelea kingine! Wanataka niseme vinafaa. Nawajibu kwamba sivijui, wamwonyeshe daktari kikopo na wapimwe tansio. Wanaondoka wamenuna.

Pasaka iliyopita Mama Anyesi alikuja kwangu bila taarifa, na Faila, na binti mrefu, yule mwenye kelele wa siku ile, aliyebeba kapu la karanga. Majirani walijaa uani. Mmoja akamuuliza, "Ni huyu alimuchoma mukwe wako sindano?"

"Wakunga bote walikuwa wanachoma," Mama Anyesi alijibu. "Huyu alikatala."

Kisha, mbele ya wote, akapiga vigelegele. Nililia bila haya.