Katabi Tatu za Ikola

Mimi shule niliishia darasa la tatu, lakini boti niliyoijenga imebeba walimu. Kilichonishinda ni sentensi moja tu.

Kule Ikola, ziwani, zilikuwepo boti tatu za mbao zenye jina moja: Katabi. Ni mzimu wa wenyeji, na mkoa wetu nao umebeba jina lake. Boti ya kwanza ilikuwa ya mzee mmoja, Mbende kwa kabila. Ilivusha watu na mchele kwenda Kalemie, ng'ambo ya ziwa, tangu mimi sina hata baiskeli, haikuzama, watu wakasema jina ndilo linaloishika. Basi mwenye boti ya pili, ile ya kijani, akaandika hilo hilo. Ya tatu ikawa yangu, ya bluu.

Mafundi wakiwa bado wanagonga misumari, yule mzee alinifuata.

"Bwana mdogo, huyu ni mmoja. Ukimwita sehemu tatu, ataitika wapi?"

"Ataitika penye mzigo," nikamjibu.

Mafundi wakacheka. Na abiria wakajaa kweli.

Sasa, asubuhi moja ya kiangazi, niko dukani kwangu Mpanda, simu ikaja kutoka Ikola: Katabi imezama. Simu ikakata hapo hapo. Nikampigia nahodha wangu.

"Mzee, sisi tumefunga hapa Karema tangu jana, injini imegoma. Iliyozama ni ile ya kijani."

Nilimshukuru Mungu kwa sauti, mbele ya wateja.

Haujapita muda akashuka mwanamke kwenye bajaji, kanga imekaa upande. Alikuwa wa mtaa wa Nsemulwa, mumewe alipeleka mchele wa Majimoto ng'ambo kwa boti yangu.

"Baba, wanasema Katabi imezama."

"Mumeo alipanda ya nani?"

"Yako. Alinipigia yuko ndani."

"Basi mumeo yuko Karema. Nenda nyumbani ukapike. Mimi sisemi jambo nisilolijua."

Niliisema sentensi hiyo kwa sauti mpaka kinyozi wa ng'ambo ya barabara akasikia. Mama akajifuta macho, akacheka. Kijana mmoja wa bodaboda akamtania, "Ila mama, Karema nako kuna wanawake, asije akaoa huko!" Tukacheka wote.

Kesho yake mchana nahodha akapiga tena. Injini ilipogoma, wenye haraka walihamia na magunia yao kwenye ile ya kijani. Mume wa yule mama alikuwa mmoja wao.

"Mbona hukuniambia jana?"

"Mzee, uliuliza boti."

Kweli. Niliuliza boti.

Walipatikana baadhi ya maiti. Yake haikupatikana. Ndugu wakataka kuweka matanga, mke akakataa kata kata. Turubai lilikuwa limeshafungwa, akalifungua mwenyewe. "Mwenye boti kasema yuko Karema. Mwenye boti hasemi jambo asilolijua." Alinikariri neno kwa neno.

Huu mwaka wa tatu. Nikikutana naye sokoni ananisalimia vizuri, halafu anauliza taratibu, kama anayeulizia bei ya vitunguu: "Baba, injini bado?" Nikaanza kupita njia ya nyuma. Jina nimelifuta kwa rangi, boti nimeiuza, na bado kila simu ya kutoka ziwani nasikia sauti ya huyo mama kabla sijapokea.

Mwezi uliopita mama mkwe wake alikuja dukani. Hakuketi. "Wewe ndiye uliyemfunga," alisema. "Njoo umfungue."

Nikaenda. Mchana, jua kali. Nilimkuta anapepeta mchele uani, na shati la mwanaume limeanikwa kwenye kamba, limefuliwa.

"Karibu, baba. Injini imepona?"

"Mama," nikasema, "mumeo alihamia ile ya kijani. Alikufa maji. Mimi nilikosea."

Ungo ukasimama. Akaniangalia, hana hasira hata kidogo.

"Siku ile ulisema kwa sauti, mtaa mzima ukasikia," akasema. "Leo unaninong'oneza. Nishike lipi?"

"Hili."

"Basi liseme kama ulivyosema lile."

Majirani walikuwa wameshakuja ukutani. Mimi, niliyewahi kumfokea mkuu wa gati mbele ya watu wake, nilifungua mdomo mara mbili. Upepo tu ulitoka. Nilipoufungua mara ya tatu, yeye akaurudisha ungo magotini, akaanza tena kupepeta.