Mstari Mtupu wa Bi Rula

Pale hospitalini walimwita Bi Rula, na jina hilo alilipata kwa jasho. Alianza kazi akiwa mpiga chapa. Alijifunza kuandika programu akiwa na miaka arobaini na mitatu, wenzake wakimkumbusha kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Hata sasa, akisoma faili kwenye kompyuta, huweka rula ya mbao chini ya kila mstari na kusoma kwa sauti.

Programu yake ililinda majokofu kumi na mawili ya chanjo. Kila asubuhi ilifungua faili la mipangilio na kusoma mstari mmoja mmoja: jina la jokofu, kiwango cha joto. Ikishausoma mstari, hutega kengele ya jokofu hilo, kisha hushuka kwenye unaofuata hadi mistari iishe.

Jumanne moja jokofu la tisa lilipata joto na kengele haikulia. Bahati nzuri muuguzi alifungua mlango akahisi uvuguvugu, akazihamisha chanjo kabla hazijaharibika. Mganga mkuu akamgeukia fundi wa majokofu, mtu mpole mwenye watoto watano.

"Kengele ni zako. Nataka funguo zako mezani saa sita."

"Mkuu, nilizijaribu zote Alhamisi, zikalia."

"Basi zilikulilia wewe peke yako."

Bi Rula akarudi chumbani kwake, akachukua rula. Mstari wa kwanza, wa pili, mpaka wa nane. Chini ya wa nane rula ikatua mahali peupe. Jana yake alikuwa ametenganisha majokofu ya chini na ya ghorofani kwa mstari mtupu, kama alivyozoea kutenganisha aya za barua. Na ni yeye aliyeiagiza programu: ukikuta patupu, kazi imekwisha. Manne ya ghorofani hayakusomwa.

Angeweza kuufuta. Kidole kimoja tu, na fundi angeondoka akidhani nyaya zake zimemsaliti. Lakini kosa linalofutwa kimyakimya halipotei, hubebeshwa mwingine. Akauacha ulivyo, akaenda kuwaita wote wawili.

"Mkuu, fundi hana kosa. Mstari huu niliuacha mimi."

Mganga mkuu akakodoa macho. "Mstari gani? Sioni kitu."

"Ndio huohuo."

Fundi akacheka bila kutaka. "Yaani, dada, nifukuzwe kwa kitu kisichokuwepo?"

"Ndiyo maana nimekuita ukione, mdogo wangu."

Akairekebisha programu mbele yao: ukikuta patupu, ruka, endelea, na mistari ikiisha, taja idadi ya majokofu uliyosoma. Mganga mkuu alimwandikia barua ya onyo. Bi Rula akaitia saini kwa mwandiko wake ulionyooka, kichwa juu. Funguo zikabaki kiunoni mwa fundi.

Asubuhi iliyofuata kompyuta iliandika: majokofu kumi na mawili yamesomwa. Bi Rula akaweka rula chini ya maneno hayo, akayasoma kwa sauti ya kufika hadi ukumbini.