Mataifa wa Ng'ambo ya Ruzizi

Nilisoma mpaka darasa la pili tu, lakini jina likiingia kichwani mwangu halitoki. Majina ya watu wote wa habari hii ninayo, na ya baba zao pia. Siyataji kwa sababu wengine bado tunachota maji bomba moja, na mimi nimechoka kugombana bombani.

Neno lililonichosha kuliko yote katika maisha yangu ya Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi kule Malawi, ni Mataifa.

Nilikutana nalo zamani, nikiwa mtoto kule Sange, katika uwanda wa Ruzizi, kabla sijaolewa Bukavu. Katekista wetu alifundisha kwamba Mungu aliwaahidi Wayahudi Mwokozi kwa vinywa vya manabii, na Mwokozi alipokuja, habari ikatoka kwao ikawaendea Mataifa. Akisema Mataifa, alinyoosha mkono dirishani, upande wa mto. Pengine alikuwa anafukuza nzi. Mimi nikaelewa kwamba Mataifa ni kabila, linakaa ng'ambo ya Ruzizi, na bado halijajua kusali. Niliwaonea huruma sana. Nilikuwa tayari na watoto wawili nilipoambiwa kwamba Mataifa ni kila mtu asiye Myahudi. Babu yangu na hirizi zake shingoni, Mataifa. Mimi na kanga yangu ya kwaya, Mataifa. Niliona haya peke yangu, nikanyamaza.

Tulipofika Dzaleka, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, hatukuwa na mahali pa kusali. Jumapili moja mvua ilitukuta tukiimba nje. Mama mmoja wa kijiji cha jirani, Mmalawi, akatufungulia ghala lake la karanga. Alituita Maburundi, kama wenyeji wengi walivyotuita sisi wakimbizi wote, hata tuliotoka Congo. Nikamwambia kwa mikono na kwa Kiswahili, "Mi si Mburundi!" Akanijibu kwa Kichewa, na kwa mikono vilevile, nami nikamwelewa kabisa: agogo, bibi, ingia kwanza, mtalowa, mtaniambia kabila lenu mkishakauka.

Tulisali katika ghala lile karibu miaka miwili, tukitoka na maganda ya karanga kwenye magoti. Baadaye tukajenga kanisa letu la matofali ya udongo, na yeye akatufuata. Sokoni aliuza nyanya pembeni yangu, mimi nikiuza sombe, majani ya muhogo. Kiswahili chake alikipata kwenye nyimbo zetu na kwenye matusi yangu kwa wateja wanaobonyezabonyeza nyanya bila kununua. Wazee wa kanisa walimwambia mara nyingi aende kwenye makanisa ya Kichewa, yako mengi. Alisema, "Agogo, mi nilijifunza kuomba nanyi. Nikiomba kwa Kichewa sasa, naona kama nampigia Mungu kelele ya sokoni."

Mwaka wa habari hii aliomba ubatizo, na aliniomba niwe mama yake wa ubatizo. Nikakubali mbele ya watu. Kwetu ukikubali hilo umejifunga, haliachwi njiani. Na binti yake alikuwa amepata nyumba Nsungwi, kule Lilongwe, akamtaka ahamie kwake baada ya mavuno. Sisi tulibatiza mara moja tu kwa mwaka, mvua zikiisha, kabla maji ya dambo, lile bonde la majimaji chini ya kijiji chao, hayajakauka. Ilikuwa mwaka ule au basi.

Ndipo mwenyekiti wa wazee akarudi na chati.

Mwenyekiti wetu alikuwa mtu wa Uvira, aliyekuwa karani zamani, anayependa mistari iliyonyooka. Alikwenda semina ya wiki moja Lilongwe, mtaa wa Area 18, akarudi amechora kitu kwenye gunia la unga lililopasuliwa, kwa rangi nyekundu na bluu. Juu aliandika MANABII. Mshale ukatoka kwa manabii ukaenda kwa ISRAELI. Mshale mwingine ukatoka hapo ukaenda kwa WATEULE WALIO UHAMISHONI. Chini kabisa, pembeni, kwa herufi ndogo, nikasomewa: Mataifa, wakati wao bado.

Siku ya Jumapili mabenchi yakagawanywa. Kushoto tukakaa sisi, wenye ahadi. Mama wa nyanya na Wamalawi wengine watatu, waliokuja kuimba tu, wakaambiwa wakae kulia, karibu na mlango, pale mvua inapoingilia. Na ubatizo wa mama, ikasemwa, usubiri mpaka ahadi yetu itimie. Ahadi gani? Kila mtu alijua. Ndege. Siku hizo watu wa kambi walikuwa wakiitwa kwenda kuishi nchi za mbali, na mwenyekiti alikuwa ameshaamua kwamba manabii wa Wayahudi walikuwa wanaongea habari za ndege ile.

Nilimngoja nje.

"Mwenyekiti, njo nini hii?"

"Koko, we sikiliza," akasema, akiniita bibi kwa heshima ili nisipige kelele. "Banabii baliongea na bantu gani? Bantu ba uhamishoni. Njo sisi. Bamalawi hawajakimbia fasi yoyote, bako kwabo. Kwa sisi hapa njo Babeli, na benye Babeli njo Mataifa."

"Ule mama alitupa ghala lake, we unamuita Babeli?"

"Siyo mi, Koko. Njo chati."

"Chati ulichora we!"

"Nilichora tu. Sikuitunga."

Nikajaribu kwa njia anayoielewa mtu wa kambi. "Orodha bakibandika ubaoni, na jina lako haliko, unafanya nini?"

"Unarudi nyumba."

"Sasa banabii nabo baliandika orodha yabo. Bana ba Israeli. Nionyeshe pale jina lako, na la baba yako, na la Uvira."

"Koko, we hujui kusoma."

"Njo maana nasema we unisomee!"

Akaondoka. Alikuwa na mkutano, alikuwa na mkutano kila siku. Na mama wa nyanya wiki hiyohiyo alimpelekea mke wake beseni la nyanya, na likapokelewa. Nyanya zilikaa upande wa kushoto, mwenye nyanya kulia.

Siku niliyopata ruhusa ya kutoka kambini nikashuka Lilongwe, mpaka Area 49, kwa mchungaji wetu. Alikuwa mtu wa Bukavu, msomi, aliishi hukohuko, mtaa wa Gulliver, akishona nguo, na alipanda kambini mara chache. Nilimkuta kwenye cherehani, utepe shingoni, anapunguza suruali ya mtu. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, kwa sababu nikikaa hasira yangu hulala.

"Mama, au fond, kimsingi, una haki," akasema, bila kuacha kukanyaga cherehani. "Ahadi ilikuwa ya Wayahudi. Manabii wao, Yesu wa kwao, mitume wa kwao. Lakini Ibrahimu aliahidiwa tangu mwanzo kwamba makabila yote yatabarikiwa kwa ajili yake, na manabii walirudia kwamba mwanga utafika mpaka mwisho wa dunia. Mataifa walipoanza kuamini, mitume walikaa kikao Yerusalemu, wakabishana sana. Bafarisayo bamoja balisema, hapana, bawe kwanza Bayahudi. Kikao kikakataa. Wakasema hatuwatwishi mzigo ambao hata baba zetu hawakuuweza."

"Walibishana siku ngapi?"

"Haikuandikwa, mama."

"Sisi tunabishana mwezi wa tatu huu. Kwa hiyo Mataifa ni nani?"

"Ni sisi wote, mama. Mimi, wewe, mwenyekiti, mwenye suruali hii."

"Na unajua hivi tangu lini?"

"Tangu shule ya biblia."

"Mbona hukumwambia mwenyekiti?"

Akakata uzi kwa meno. "Mama, ile chati ameichora kwa bidii sana."

Nilitamani kumfunga kwa ule utepe wake. Msomi anajua kitu, anakikunja, anakitia kabatini, halafu bibi wa darasa la pili anapanda gari kuja kukitafuta! Nikamwambia maji ya dambo yanapungua kila siku, na chati haipungui. Akaahidi kuja Jumamosi.

Alikuja kweli. Kikao kikakaa kanisani, gunia likiwa limetundikwa ukutani. Mchungaji akazungukazunguka. Alisifu rangi. Alisema mshale wa mwisho, pengine, kwa maoni mengine, ungeweza kurefushwa kidogo. Mwenyekiti akauliza urefushwe kwa sentimita ngapi. Hapo nikasimama.

Sikuwa na elimu ya kumjibu. Nikawatolea aibu yangu, ile niliyoinyamazia tangu ujana: katekista wa Sange, mkono wake dirishani, na kabila nililoliombea miaka mingi ng'ambo ya Ruzizi. "Kumbe njo mi," nikasema. "Nilikuwa najililia mwenyewe na sijui. Na nyinyi sasa mumepata Mataifa ingine, mumeiweka karibu na mlango."

Hakuna aliyecheka. Nikaona nimejivua nguo bure. Halafu katibu wa kanisa, mzee wa Kirundi ambaye vikaoni huandika tu, akaweka kalamu chini.

"Koko, ulikuwa upande gani wa Ruzizi?"

"Sange. Congo."

"Mimi nilikuwa Rugombo. Ng'ambo." Akakohoa. "Kwetu katekista alinyoosha mkono upande wenu."

"Unasema nini?"

"Ndiyo. Alisema Mataifa wako pale. Mimi nikafikiri ni nyinyi. Nikaongeza mwenyewe kwamba hawana viatu."

"Kweli hatukuwa nabyo!"

"Hata sisi."

Kanisa zima likaangua kicheko, mchungaji akapangusa macho kwa utepe wake. Mama wa nyanya, aliyekuwa kwenye benchi la mlangoni, akauliza kwa sauti, "Na mto wenyewe ulikuwa wa nani?" Wakacheka tena.

Mwenyekiti peke yake hakucheka. Aliona ameshindwa, na karani akishindwa hutafuta utaratibu. "Sawa," akasema, "abatizwe. Lakini ahadi iko na mpangilio: benye kuitwa kwanza batangulie, Mataifa bafuate. Ataingia wa mwisho." Mchungaji akasema hilo halina ubaya. Nikakaa. Kuna siku unaona ubaya hata wakikuambia hakuna, lakini mdomo umechoka.

Kesho yake tukashuka dambo. Watu kumi na wawili wa kubatizwa walipangwa mstari, binti wa mwenyekiti mbele kwa gauni jeupe, mama wa nyanya nyuma kabisa, mimi na taulo pembeni yake. Binti akakanyaga maji, hatua ya pili akazama tope mpaka gotini, akapiga yowe kwamba mamba amemshika. Ulikuwa mzizi. Mchungaji naye kiatu kimoja kikabaki chini. Watu wa kambi hatukulijua lile bonde, tulilijua kwa kuliangalia tu. Wote kumi na mmoja wakarudi nyuma.

"Zikomo, nipisheni," akasema mama wa nyanya. Akatoka mkiani, akapita mstari wote, akaingia kwa upande mwingine kabisa, kwenye mchanga. "Hapa nimefua nguo tangu sijaota meno. Mchungaji, simama hapa. Hapana, si hapo. Hapa." Mchungaji akasimama alipoambiwa. Na kwa kuwa mama alikuwa tayari ndani ya maji mpaka kiunoni, na mchungaji tayari ameinua mkono, akambatiza. Nikasikia mwenyekiti akisema, "Utaratibu!" Maji yakamjibu.

Katibu alikuwa kwenye ukingo, rejista juu ya goti. Mstari wa kwanza akaandika jina la mama wa nyanya, na kwenye safu ya taifa akaandika Malawi. Wengine wakafuata kwa haraka, wamelowa, wanatetemeka, kila mmoja akitaja jina. Mzee wa watu hakuwa na nafasi. Jina akaandika lote. Kwenye taifa akaweka zile alama mbili ndogo, zinazosema kama hapo juu. Mara kumi na moja.

Kadi za ubatizo zilinakiliwa kutoka humo humo, wala hakuna aliyeangalia mpaka mama wa nyanya alipokuwa ameshahamia Nsungwi. Ndipo mwenyekiti akaja kwangu, na katibu nyuma yake, rejista kwapani. Binti wa mwenyekiti alikuwa ameandikwa Mmalawi. Wote walikuwa Wamalawi.

"Koko," mwenyekiti akasema, "we njo unakumbuka kila mtu. Tutajie upya, jina na taifa, katibu aandike ukurasa mupya."

Nikawatajia majina. Kumi na mawili, na ya baba zao, na kila mmoja alivyotetemeka. Katibu aliandika polepole safari hii. Alipofika kwenye safu ya pili akaniangalia.

"Na taifa?"

"Andika Mataifa kwa mustari wa kwanza," nikasema. "Halafu zile alama zako mbili, mpaka chini."

Mwenyekiti alipiga kelele mpaka watu wa bomba wakatusikia. Mwishowe alishuka mwenyewe Area 49, na mchungaji, kwa sababu hapendi ugomvi, akamwandikia kadi mpya. Lakini saa ile ya kelele mimi nilikuwa nikimwangalia katibu. Alikuwa ameinama juu ya goti lake, na mabega yake ya Rugombo yalikuwa yanatikisika kwa kicheko, na kalamu ilikuwa inaandika.